Tangi la Bibi Harusi

Lori lile lilikuwa na umri wa kuitwa bibi, na kweli liliitwa Bibi Harusi. Si kwa uzuri. Rangi yake ilikuwa ya kijani pale ilipobaki, kwingine kutu ilikuwa imejitawalia bila kupingwa. Jina lilitokana na tabia yake ya asubuhi: halikutoka mpaka libembelezwe. Ufunguo ukizungushwa, lilikohoa, likiachwa, lilinuna, likibembelezwa tena, lilitoa moshi kama linalosema basi, nimesikia. Likishatoka, lilitoka kwelikweli. Lilibeba mchanga, mbao, makabati ya waliohama na vitanda vya waliooana, na mtaa mzima uliujua mlio wake.

Dereva wake alikuwa mwanamke aliyeitwa Sukani. Babake ndiye aliyempa jina hilo, enzi zile miguu yake haijafika kwenye pedali na mikono yake haitaki kuachia usukani. Baba mwenyewe aliliendesha lori hilo mpaka macho yake yalipoingia ukungu. Mwaka uliopita alikwangua ukuta wa jirani kutoka pembe hadi pembe, akashuka, akaushika, akasema ukuta ndio uliosogea. Watu walicheka, ila kaka mkubwa wa Sukani hakucheka. Alimnyang'anya babake ufunguo hapohapo, akamkabidhi dada yake, akaweka na sharti: Baba asiliguse tena gari. Akiligusa, atahamia kwake, kule nyuma ya mashine ya kusaga, akaangaliwe.

Baba hakuogopa kufa kama alivyoogopa kule. Chumba chenyewe kilipakana na mashine, kutwa kucha kinatetemeka, na unga unaingia mpaka kwenye kikombe cha chai. Basi akatii, au alionekana kutii. Alibakiwa na jambo moja tu. Kila asubuhi Sukani alipotoka na ufunguo mkononi, alimkuta mzee ameketi kwenye kiti chake mlangoni, anamwambia mafuta yaliyobaki. "Una nusu na kidogo." "Leo pitia kituoni, umebakiwa na robo." Geji ya lori ilikufa zamani, ikawa babake ndiye geji. Hakuwahi kukosea. Sukani aliamini mzee anapiga hesabu kichwani kwa safari za jana, na jambo hilo lilimfurahisha, kwa kuwa lilimfanya mzee ajione bado yumo kazini.

Sasa Bibi Harusi alikuwa ameanza kuzimika.

Barabara tambarare ilikuwa haina shida. Lori lilikwenda likiimba. Likishika mlima wa zahanati, katikati ya mlima injini huanza kuvuta pumzi kama mwenye pumu, nguvu zinapungua, linatetemeka, linazima. Sukani akishuka, akatia mawe nyuma ya magurudumu, akasubiri kidogo, liliwaka tena kama hakikutokea kitu. Baada ya hapo likienda hatua chache, mchezo uleule. Fundi wa mjini alibadilisha filta, akasikiliza, akatikisa kichwa, akasema pampu imekufa na za aina hiyo hazitengenezwi tena.

Habari hizo zilimfika kaka wakati mbaya, au wakati mzuri, kutegemea umesimama upande gani. Mota ya mashine yake ilikuwa imeungua. Watu walikuja na mahindi vichwani wakarudi nayo vilevile, na wengine walishaanza kumzoea msagishaji wa ng'ambo. Kaka akaliangalia lori la babake likinguruma pale uani, limesimama, halina mzigo wala mlima, akapata wazo. Injini iliyoshindwa na mlima si lazima ishindwe na mahindi. Alimwaga msingi wa zege kabla hata hajamwambia dada yake, na boliti zikachomoza juu ya zege zikisubiri.

Sukani alipoambiwa, hakupiga kelele. Alijua kaka hana ubaya. Alikuwa na watoto na foleni iliyokimbia. Ila lori likitolewa injini, yeye angebaki na nini? Kazi nyingine hakujifunza wala hakuitaka. Aliomba nafasi ya mwisho, na kaka akampa. Jumamosi kulikuwa na matofali ya kupeleka zahanati. Kaka angepanda naye kwenye kabini. Bibi Harusi akifika juu bila kuzimika, kaka angetafuta injini kwingine. Akizimika, Jumapili kaka angekuja na mnyororo na kapi kuing'oa injini.

Ndiyo maana Ijumaa, jua likiwa bado changa, Sukani alimleta Kobe.

Kobe alikuwa fundi wa magari ya zamani. Hakuitwa hivyo kwa upole wala kwa mwendo. Aliitwa hivyo kwa kuwa watu walizoea kumwona amelala chini ya bati, ametokeza kichwa tu. Alisikiliza habari za kuzimika na kuwaka, akajikuna shavu kwa bisibisi.

"Pampu mbovu haipumziki ikapona," alisema. "Hiyo si pampu. Hiyo ni mtu anakabwa koo, akiachiwa anapumua. Tushushe tangi."

Kutoka mlangoni sauti ya Baba ikaja, kali kuliko ilivyozoeleka.

"Tangi liacheni. Tangi halina neno."

Sukani alimwendea, akamweleza kwa upole kwamba ni siku moja tu, kwamba Kobe anajua anachofanya. Mzee alijibu kwamba tangi hilo alilifunga yeye kwa mikono yake na halijawahi kuvuja, kwamba fundi wa mjini amesoma na amesema ni pampu, kwamba nati zile zikiguswa zitakatika. Kila sababu aliyoitoa ilikuwa na jibu, na kila jibu lilimfanya atafute sababu nyingine. Mwishoni akasema basi, fanyeni mnavyotaka, akageuzia uso ukutani. Sukani alidhani ni ile hasira ya mtu ambaye gari lake linafunguliwa mbele yake na yeye haruhusiwi hata kushika spana. Akamwachia.

Kobe alianza kwa kuchomoa waya wa betri, ili cheche isijialike yenyewe. Akatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Jirani mmoja alikuja kuangalia na sigara mdomoni, Kobe akamwambia arudi kwake akaimalizie huko, maana yeye bado ana mke wa kugombana naye na hataki kuondoka duniani mapema. Jirani akaondoka kinyumenyume.

Chini ya tangi kulikuwa na kizibo cha nati. Sukani aliweka beseni, Kobe akakilegeza. Kilichotangulia kutoka hakikuwa dizeli. Yalitoka maji ya rangi ya chai, yamejaa chenga za kutu, kisha kitu cheusi cha kuteleza kama mlenda uliolala, ndipo dizeli ikafuata, mwanzoni chafu, baadaye ya kueleweka. Maji walitenga peke yake. Dizeli waliichuja kwenye madumu, wakayaweka kivulini yatulie.

"Haya yote amekuwa akiyanywa," alisema Sukani.

"Wanawake wa zamani ni wavumilivu," Kobe akajibu kutoka chini ya bati.

Mipira ilikuwa miwili, mmoja wa kupeleka mafuta kwenye injini na mmoja wa kuyarudisha yaliyobaki. Sukani alifunga uzi mwekundu kwenye ule wa kupeleka, wasije wakaibadilisha wakati wa kurudisha. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mikanda ya chuma iliyolishika tangi ubavuni mwa chasisi. Nati zake zilikuwa zimelala na kutu miaka na miaka, hazikujua kama duniani kuna kufunguka. Moto usingeweza kutumika hapo, kila mtu alijua kwa nini. Walizipaka mafuta ya breki, wakazigonga kidogo kidogo kwa nyundo, wakangoja, wakazipaka tena. Kobe akavisha mpini wa spana bomba refu, akamwambia Sukani aning'inie upande wa pili. Walivuta mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Nati ya kwanza ikalia kwa sauti ya mlango wa makaburi, ikazunguka. Ya pili ikamwangusha Sukani kwa matako mchangani.

Kobe akamuuliza kama amekaa vizuri au amletee kiti.

Waliweka ubao juu ya jeki, wakalipokea tangi kama anayepokea mtoto mzito, wakalishusha taratibu, wakalivuta hadi jua lilipo. Upande wake wa juu kulikuwa na kifuniko cha kifaa cha geji, kimeshikwa na skrubu ndogo. Zilipotoka, tundu lililobaki lilitosha mkono, ila si mkono wa Kobe, ambao ulikuwa kama mchi. Kobe akachukua kioo cha pembeni cha lori, kile kilichopasuka, akalikinga jua kwa kioo hicho na kulitupia ndani ya tundu. Mwanga ukaingia, ukatambaa kwenye kuta za bati.

"Tazama pale bomba la kufyonza linapofikia," alisema. "Unaona nini?"

Sukani aliona kutu, aliona matope yaliyoganda pembeni, na karibu na mdomo wa lile bomba aliona kitu kilicholala kama panya aliyezama. Akakunja mkono wa shati, akauingiza mpaka kwenye bega, shavu limebanwa na bati, akapapasa, akakishika. Kilitoka kikiteleza. Akakitandaza juu ya jiwe, akakikamua.

Kilikuwa kitambaa, upana wa vidole vitatu, urefu wa kiganja. Chini ya weusi mistari ilionekana, ya bluu na nyeupe.

Akaingiza mkono tena. Akatoa cha pili, cha kijivu, kimeoza. Cha tatu kilikuwa kipya kabisa, bado kina uzi uliofungwa fundo mwishoni.

Kobe alipiga mluzi mdogo. Akaeleza, bila haraka, jinsi mambo yanavyokwenda. Kwenye tambarare kitambaa kimelala zake. Mlimani mafuta yanakimbilia nyuma, kitambaa kinayafuata, injini inavuta kwa nguvu, nacho kinajibandika mdomoni mwa bomba. Injini inakabwa, inazima. Mvuto ukiisha, kitambaa kinajiachia, kinadondoka. Ukiwasha, salama. Kisha akauliza swali ambalo Sukani hakutaka liulizwe: nani huyo anayelilisha lori nguo?

Sukani alikuwa ameshaitambua mistari. Ilikuwa ya pajama za babake, ambazo mguu mmoja ulikuwa umeanza kuwa mfupi kuliko mwingine, naye alikuwa akiwalaumu panya.

Alitazama mlangoni. Mzee alikuwa bado ameelekea ukutani, lakini mgongo wake ulikuwa unasikiliza. Kando ya kiti, umeegemezwa pembeni mwa mlango, ulikuwepo ufito mrefu uliolainika kwa kushikwa. Sukani aliuona kila siku akidhani ni wa kufukuzia kuku. Alikwenda, akauchukua, akanusa ncha yake. Dizeli.

Alichuchumaa kando ya babake akauliza kwa sauti ya chini. Mzee alipepesa macho yake ya ukungu, akayaelekeza palepale ukutani. Na kabla Sukani hajauliza tena, pikipiki ya kaka ikaingia uani.

Kaka alikuja na futikamba, kupima nafasi ya injini ili ajue mnyororo wake utapita wapi. Hakuwa na nia ya kuudhi mtu. Alikuwa mtu wa kujiandaa. Aliona tangi limelala juani, akalizunguka, akauliza wamekuta nini humo.

Vitambaa vilikuwa juu ya jiwe, nyuma ya mguu wa Sukani. Alivisogezea chini ya beseni kwa kisigino. Kobe aliona. Kobe akarudi chini ya lori, ambako hakukuwa na kazi yoyote.

"Matope," alisema Sukani. "Maji na kutu."

"Basi?"

"Basi."

Kaka akavuta pumzi. Akasema, na sauti yake haikuwa ya kusherehekea, kwamba matope na kutu vimo katika kila tangi la umri huo, na kwamba gari halifi mlimani kwa matope ya chini. Fundi wa mjini alisema pampu, na pampu ndiyo. Haoni haja ya kuchosha watu kesho kwa kupakia matofali na kuyapakua njiani, alisema. Kwa nini wasiing'oe injini leo leo?

Sukani akilitetea lori, atamfichua babake. Akimtetea babake, lori limekwenda. Alibaki ameshika ule ufito kama mchungaji aliyepotelewa na ng'ombe wote.

"Humo mlikuwa na nguo," alisema Baba.

Alikuwa amegeuka. Alinyanyuka kwa kushika fremu ya mlango, akaja akipapasa hewa, mpaka mkono wake ukalifikia tangi, akauacha pale.

"Ni zangu mimi. Zamani nilichovya ufito mtupu, nikaangalia ulipolowa. Siku hizi sioni ulipolowa. Kwa hiyo naufunga kitambaa, nikiutoa nakishika kwa vidole, najua mafuta yamefika wapi. Uzi ukilowa unalegea. Cha kwanza kilipopotea nilisema kimechukuliwa na upepo. Cha pili nilijua kimeingia. Cha tatu..." Alisita. "Huyu wa mjini aliposema ni pampu, nilimshukuru Mungu. Nilitaka iwe pampu."

Kobe alikuwa kimya chini ya bati kuliko kobe mwenyewe.

"Baba," alisema kaka hatimaye, "nilikwambia usiliguse."

"Uliniambia nisiliendeshe. La kuligusa uliongeza baadaye, ukiwa na hasira."

"Na alfajiri unatoka peke yako na macho hayo."

"Kutoka mlangoni hadi kwenye tangi sihitaji macho. Wewe ulijifunza kutembea umelishika tairi hilo hapo." Kisha, kwa sauti nyingine: "Nichukue ukitaka. Nitakuja kula unga wako. Ila injini usiing'oe kwa kosa langu. Huyu mtoto hana kosa, wala gari halina."

Sukani alivitoa vitambaa chini ya beseni, akavitandaza vyote juu ya jiwe mbele ya kaka yake. Kaka alikiokota kile chenye fundo, akakigeuza. Akauliza ni nani anayeosha tangi, na linahitaji kuoshwa vipi. Kobe akatokeza kichwa, akasema linahitaji watu wawili wenye mgongo, na yeye mgongo wake ameuacha kwenye zile nati.

Kaka akavua shati.

Waliingiza mnyororo mwembamba ndani ya tangi, ncha yake imefungwa kamba nje usije ukabaki humo nao, wakamimina dizeli kidogo, wakaziba matundu, wakalibingirisha juu ya matairi mabovu, kaka upande huu, dada upande ule. Mnyororo ulikwangua kuta kwa kelele ambayo jirani wa sigara aliitokea dirishani. Wakamwaga, ikatoka nyeusi. Wakarudia, ikatoka ya kahawia. Mikono ikaanza kuwalegea, wakaanza kutaniana. Kaka akasema dada yake anabingirisha kama anayembembeleza mtoto. Sukani akasema hajawahi kumwona msagishaji akitoa jasho, siku zote hutoa unga. Mara ya mwisho dizeli ilitoka jinsi ilivyoingia. Wakaliacha juani likauke, Kobe akaingiza jua tena kwa kile kioo, akatazama kila pembe, akaridhika.

Walilirudisha mchana. Mpira mpya chini ya mikanda, kizibo na washa yake, ile pete ya kuzuia kuvuja, mpira wenye uzi mwekundu mahali pake, filta mpya. Kobe alilegeza skrubu ya kutolea upepo, akapiga pampu ya mkono, mapovu yakatoka, yakatoka, mpaka ikaja dizeli tupu isiyo na povu. Akakaza. Sukani akazungusha ufunguo. Bibi Harusi alinuna kidogo, kwa desturi, akawaka.

Kaka alisema tu kwamba kuwaka siku zote amekuwa akiwaka, wataonana kesho, akaondoka.

Jumamosi matofali yalipakiwa mpaka springi zikalala. Kaka alipanda upande wa abiria, akaweka mikono magotini. Baba alibaki mlangoni. Asubuhi ile hakutaja mafuta, na Sukani hakumwuliza. Alipima mwenyewe, kwa ufito mtupu.

Mlima ulipoanza, alishusha gia. Injini ikabadilisha sauti, ikawa nzito. Upande wa kushoto likaipita nguzo pale ambapo kwa kawaida lilianza kukosa pumzi. Sukani aliukaza mkono kwenye usukani. Lori lilitetemeka mara moja. Lilikuwa shimo la barabara. Kaka alikuwa ameshika mlango. Likapita mahali penye mawe ya Sukani mwenyewe, yale ya kuzuia magurudumu, bado yapo pembeni. Likapita na mti wa kona. Halikwenda kasi, halikujaribu kwenda kasi. Lilipanda kama bibi anayepanda ngazi, hatua moja na nyingine, bila kumwomba mtu mkono. Kisha mbele yao likaonekana bati la zahanati, na barabara ikalala.

Sukani alisimamisha, akavuta breki ya mkono, akaiacha injini ingurume. Hakuwa tayari kuizima.

Kaka alikuwa anatazama mbele. "Baba akija kwangu," alisema, "atakaa pale kutwa anasikiliza mashine ya mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Na akibaki kwako atalichokonoa gari."

"Atalipima mafuta. Ufito nitautia alama za kisu, kila robo mkato wake, azihesabu kwa vidole mpaka penye utelezi wa mafuta. Nguo hakuna. Na atapima mimi nikiwa nimesimama hapo."

Kaka alifikiri. Akasema mikato iwe ya kina, vidole vya mzee vina sugu. Kisha akafungua mlango, akashuka, akaanza kufungua kamba za ubavuni. Alipokuwa amebeba tofali la kwanza na la pili, akarudi dirishani kwa dada yake.

"Jumatatu uko wapi?"

"Kwa nini?"

"Kuna mtu ng'ambo ya mto ana injini ya kusagia, anaiuza. Nzito. Inataka lori."

Sukani alizungusha ufunguo, Bibi Harusi akanyamaza.

"Jumatatu nina mchanga asubuhi," alisema, akishuka. "Njoo mchana. Na uje na watu wa kubeba, mimi ni dereva."